Neno la Tatu la Kulusum

Kulusum alisuka vifuniko vya chakula, vile vya nyasi za rangi ambavyo Wanubi huviita tabaga, na karibu kila nyumba ya mtaa wao pale Arua ilikuwa na kimoja chake, kama si juu ya sinia basi kimetundikwa ukutani. Mkono wake ulijulikana kwa namna rangi nyekundu ilivyoingia ndani ya nyeusi bila kugombana nayo. Lakini hakuitwa kwenye harusi, kuanzia Arua hadi Koboko, kwa ajili ya mkono. Aliitwa kwa ajili ya sauti.

Alizaliwa katika kambi ya jeshi, binti wa askari aliyekuwa mwana wa askari. Aliolewa na dereva wa lori, akafiwa naye mapema, akabaki na mtoto mmoja, Kaltumu. Hakuwa mtu wa maneno mengi nyumbani. Ila alipoingia kwenye doluka, ngoma ya wanawake inayochezwa mchana wa harusi, wanawake walijipanga mistari, wakakaza nguo zao za gurbaba viunoni, wakamngoja. Yeye ndiye aliyeanzisha wimbo. Yeye ndiye aliyejua nani asifiwe leo na nani asemwe.

Kusemwa kuliogopwa. Katika kundi lake palikuwa na maneno matatu ya kumsema mtu, na Kulusum aliyapokea kwa haboba wake, bibi mzaa mama, aliyeimba kabla yake. La kwanza lilikuwa amesahau: mtu amesahau jirani, amesahau alikotoka. La pili, amekosa. Hayo mawili yaliimbwa, watu wakacheka, na mwenye kusemwa akacheka pia hata kama meno yalikuwa yanamuuma. Wimbo wenyewe ulikuwa wa Kinubi, ila maneno haya yaliimbwa kwa Kiswahili, ili Mlugbara aliyesimama nje ya ua na Mkakwa aliyeleta kuni wasikie nao.

La tatu lilikuwa amezidi.

"Kuzidi si kuiba," haboba alimwambia wakati bado ni msichana, wakichambua nyasi barazani. "Mwizi ameiba, basi, iko jina yake. Mwenye kuzidi ameanza na kitu halali. Mboga inataka chumvi, wewe unatia chumvi, nani atakugombeza? Halafu mkono haisimami. Inaendelea tu. Hiyo ndiyo kuzidi. Kwa hiyo ni ngumu kuiona, hata mwenyewe haoni."

Na kwa kuwa lilikuwa gumu kuonwa, neno hilo lilikuwa na sharti lake. Kabla ya kuliimba, mwimbaji alipaswa kwenda mwenyewe nyumbani kwa mtu huyo, aketi mkekani, anywe kahawa yake, amwambie sikioni. Mtu akijirudi, wimbo unakufa kabla ya kuzaliwa. Asipojirudi, unaimbwa, na tangu siku hiyo wanawake hawanywi kitu kwake mpaka mdomo uleule uliomsema uje umwondolee. Haboba alimwongezea jambo moja, akaacha kazi ya mikono ili alisisitize: kukiwa na maiti ndani ya nyumba, neno linangoja nje. Wote waingie, na mwimbaji ndiye wa kuwaambia.

Kulusum na Sadiya walikua pamoja. Waliota jua kwenye ukuta mmoja, wakaolewa mwaka mmoja, na kwa muda mrefu Sadiya alikaanga mandazi hatua chache tu kutoka mahali Kulusum alipotandika jamvi lake la kusukia. Mumewe, Tahiru, alikuwa askari wa kawaida. Ilipofika 1971 serikali ya Uganda ikapinduliwa, vijana wa mkoa wao wa West Nile wakapanda vyeo, Tahiru akawa sajini. Wahindi walipofukuzwa mwaka uliofuata, akagawiwa duka kwenye barabara kubwa ya Arua. Sadiya akaacha mandazi, akakaa nyuma ya meza ya duka.

Mwanzoni hakubadilika. Alimkatia Kulusum kipande cha sabuni bila kuombwa, akampelekea chumvi kwenye gazeti lililokunjwa. Kisha vitu vikaanza kupungua nchi nzima. Sukari ikapotea, sabuni ikapotea, watu wakajifunza kupita mlango wa nyuma. Sadiya naye akajifunza kusema hakuna.

Mwaka 1976 Kaltumu alijifungua mtoto wa kiume. Ilipokaribia siku ya kumpa mtoto jina, Kulusum alikwenda dukani.

"Mama Kaltumu! Karibu. Mtoto iko mzima?"

"Iko mzima, ananyonya kama ndama. Sadiya, mimi nataka sukari. Kidogo tu, ya chai ya wageni."

"Sukari hakuna, dada."

"Hakuna kabisa?"

"Kabisa. Hata mimi nakunywa chai kavu."

Pazia la chumba cha nyuma lilikuwa wazi nusu. Nyuma yake palikuwa na gunia lililofunguliwa mdomo, na ndani yake imechomekwa kata ya kupimia, na ukingo wa kata ulikuwa mweupe. Sadiya alimwona Kulusum akiona. Hakusogea kulifunga pazia.

"Hiyo si yangu," akasema kwa sauti ya chini. "Hiyo ni ya watu ya kambi."

"Na hiyo kata, watu ya kambi wamekuja kuiweka?"

Sadiya alitazama mlango wa barabarani, akatazama meza. Kulusum akatoka.

Wageni walikunywa chai chungu. Shemeji mmoja, mzee mchangamfu, aliinua kikombe akasema, "Chai hii ni ya wanaume, inataka kifua!" Ua mzima ukacheka. Kulusum alicheka nao, na kicheko hicho alikaa nacho kama mwiba uliokatikia ndani ya kidole.

Kutoka kwake hadi kwa Sadiya palikuwa karibu kiasi kwamba mtu angechukua kaa la moto kwenye kigae na lingefika linawaka. Angeweza kwenda. Angeketi mkekani, angesema, Sadiya, umenitia aibu mbele ya wakwe. Sadiya labda angelia, labda angegomba. Walikuwa wamegombana mara nyingi tangu utotoni na kupatana kabla ya jua kuzama. Kulusum alijiambia kwamba ana kazi. Akakaa chini akasuka, na kila alipovuta unyasi alitunga mstari.

Siku chache baadaye palikuwa na harusi Koboko, nyumbani kwa mzee Asuman, na wanawake wa Arua walikodi lori wakaenda, Sadiya akiwa miongoni mwao. Ukweli ni kwamba Kulusum alikusudia neno la kwanza. Amesahau: hilo ndilo lililofaa, na alijua kwamba ndilo lililofaa. Lakini ngoma ilipopamba moto, na vumbi likapanda mpaka viunoni, na sauti yake ikatoka laini na yenye nguvu kuliko siku nyingi, alisikia kwamba neno la kwanza lilikuwa dogo kwa sauti ile. Akaimba:

Gunia limefungua mdomo, mwenyewe amefunga,
mtoto amekuja duniani, chai haina utamu,
Sadiya, binti ya kwetu, amezidi.

Halafu vigelegele vikapasuka pande zote. "Amezidi! Amezidi!" Kila mwanamke pale alikuwa na mlango uliowahi kufungwa usoni pake, na hakuna aliyethubutu kumtaja mwenye mlango huo, sasa walipewa mmoja wa kumtaja, nao wakamtaja badala ya wengine wote. Sadiya alikuwa mstari wa pili. Miguu yake iliendelea kucheza kidogo, kana kwamba haijapata habari. Kisha ikasimama. Aliinama akaokota ndala zake, akatoka uani amezishika mkononi.

Hata hapo Kulusum angeweza kuuacha wimbo uanguke. Aliurudia, kwa sababu ngoma ilitaka, na kwa sababu ulikuwa mtamu.

Ndani ya lori wakirudi, wanawake walimpiga mapaja kwa furaha. "Leo umempata pahali yake, Kulusum!" "Sajini mwenyewe atasikia!" Mama Fadhul tu, mwanamke mkubwa kuliko wote kundini, mwenye kushika taratibu kama anavyoshika tasbihi, alimwinamia na kumuuliza:

"Mwanangu, ulienda kwake kwanza?"

"Nilienda, mama."

Haikuwa uongo kabisa. Alikwenda, alikwenda kutaka sukari.

"Basi," Mama Fadhul akasema, akajiegemeza. "Kama ulienda, neno limekaa sawa."

Na likakaa. Wanawake waliacha kunywa kwa Sadiya. Walimsalimia barabarani, wakanunua dukani kilichokuwepo, lakini aliposema karibu ndani walikumbuka mboga jikoni. Kulusum aliona yote haya kutoka kwenye jamvi lake. Alijiambia atakwenda baada ya mavuno ya ulezi, kisha baada ya Ramadhani. Watu walipomsifu alisema, "Si ilikuwa kweli?" Wakajibu, "Kweli tupu." Jambo hilo ndilo lililomnyima usingizi: ilikuwa kweli. Kama angekuwa amesema uongo angejua mahali pa kushika ili atubu. Sadiya alikuwa na sukari, alimnyima, na ilikuwa haki kumsema. Chumvi ilihitajika. Sasa mboga yote ilikuwa imeharibika na hakuna aliyeweza kumwonyesha ni punje ipi iliyokuwa mbaya.

Mwaka uliofuata mama yake Sadiya alifariki, asubuhi. Kulusum alipata habari akiwa hajafagia uwanja. Alijitanda nguo nyeupe akatoka. Kwenye kona, pale nyumba ya Sadiya inapoanza kuonekana, alisimama. Wanaume walikuwa wameshaanza kuketi chini ya turubai. Kwenye mlango wa wanawake hapakuwa na mtu, na upande wa pili wa barabara alisimama Mama Fadhul na wenzake kadhaa wamejitanda kama yeye, hawasogei.

Akawaza: mimi niliyemwimba, nitakuwaje wa kwanza kuingia? Wacha waanze wao, nitafuata. Nao, aliyafahamu haya baadaye, walikuwa wanamtazama yeye. Walisubiri mdomo wake. Walipomwona amesimama bila kusogea wakajua neno bado lipo, na Mama Fadhul akainua mkono kuwazuia wanawake wengine waliokuwa wanakuja nyuma. Kulusum aliuona mkono ule. Akageuka, akarudi nyumbani, akafagia uwanja.

Viktoria ndiye aliyemweleza yaliyotokea ndani. Viktoria alikuwa mkulima wa Manibe aliyeleta unga wa muhogo mjini kichwani, na siku ile alikuwa amepita kwa Sadiya kuuza kabla hajajua kuna msiba. Alimweleza huku akitua mzigo, bila kujua anamweleza nani.

"Ile nyumba ya sajini, mama yake amekufa, unajua? Mimi ni Mkatoliki, sijui kuosha maiti ya Kiislamu. Nimeingia, nimekuta ule mama iko peke yake na maji. Nikasema, wenzako wapi? Akasema, shika ndoo. Nikashika. Akasema, mimina. Nikamimina. Akamgeuza mama yake yeye mwenyewe, mzito vile, akasema, mimina hapa. Alikuwa anasoma ile dua yenu na machozi inaingia kwenye mdomo." Viktoria akapangusa shingo. "Ninyi watu wa mjini. Kwetu hata mchawi akifa tunakuja."

Kulusum alipima unga wake, akakosea, akapima tena.

Sadiya alifunga duka, akahamia Koboko kwa jamaa za mumewe. Mwaka 1978 ndipo Kulusum alipopata nguvu ya kumfuata. Alimkuta akianika mihogo juani nyuma ya nyumba, amekonda, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi ingawa eda haikumhusu.

"Karibu, Mama Kaltumu," Sadiya alisema, kwa adabu ileile aliyomwonyesha kila mtu. Akamtandikia mkeka, akashika jebena, akamimina kahawa. Kulusum akakinywa kikombe. Kilikuwa na tangawizi nyingi, kama Sadiya alivyoipenda tangu zamani.

"Nimekuja kuiondoa," Kulusum akasema. "Ile neno. Iko harusi Arua mwezi ujao. Njoo, ukae mbele, niimbe mbele ya wote."

"Uimbe."

"Ndiyo."

"Na ngoma?"

"Na ngoma, na kila kitu."

Sadiya alicheka kidogo, bila furaha. "Wewe unapenda kuimba, Kulusum. Utaimba umekosea, watapiga vigelegele. Watasema, oh, Kulusum ana moyo safi! Na mimi nitakaa pale mbele kama sinia." Akageuza mihogo. "Mimi nilikunyima sukari. Ndiyo. Niliogopa ile watu, lakini nilikuwa nachota yao kidogo, nauza, nawaogopa, nachota tena. Kwako ningechota. Sijui kwa nini sikuchota. Nilikuwa nimechoka kuombwa. Ungekuja kuniambia ningekupa hata kata yenyewe."

"Najua."

"Mama yangu hakukunyima kitu."

Kulusum aliinamisha kichwa.

"Kama unataka kuiondoa, nenda nyumba kwa nyumba. Bila ngoma. Kaa kwa kila mmoja, umwambie: sikwenda kwa Sadiya kwanza, nilidanganya, kosa yake haikufika neno ya tatu. Mmoja mmoja, kwa sauti ya kawaida. Nione kama utaipata hiyo sauti."

Alirudi Arua akaanza. Ilikuwa kazi ngumu kuliko alivyodhani, maana wanawake hawakutaka kuondolewa walichopewa. "Lakini ilikuwa kweli!" walisema. "Mimi mwenyewe alininyima chumvi." Naye akajibu, "Ilikuwa kweli, lakini haikufika pale. Ilikuwa ya neno la kwanza. Mimi nimezidi, si yeye." Mmoja alimcheka: "Kulusum, uzee umekuingia mapema." Mwingine alilia, akasema siku ya msiba alikuwa na nguo nyeupe mkononi. Kwenye harusi aliacha kuanzisha. Alisema kifua kinauma, wakamtafuta mwimbaji mwingine.

Akamaliza mtaa, isipokuwa nyumba moja. Kwa Mama Fadhul hakwenda. Alipita mlangoni, akasalimia, akapita. Wengine alipowaambia, walipungukiwa na kisa tu. Mama Fadhul angepungukiwa na kitu kikubwa zaidi, kwa kuwa mkono uliowazuia watu siku ile ulikuwa wake, na aliuinua kwa kuamini neno la Kulusum. Kumwambia ilikuwa kumwekea maiti mapajani mwanamke mzee asiyekosa swala. Kulusum akajiambia ni huruma. Alijua si huruma peke yake.

Mwaka 1979 vita vikaja kutoka kusini, na kabla havijafika Arua mji ulikwisha mimina watu wake barabarani. Waliokuwa na jamaa Zaire walielekea magharibi. Kulusum na Kaltumu na mtoto walipanda trekta hadi lilipokwisha mafuta, wakatembea, wakafika Koboko asubuhi ya mvua, na mtu akawaelekeza nyumba inayopokea watu wa Arua kabla ya kuvuka kwenda Sudan. Ilikuwa nyumba ya Sadiya.

Ua ulijaa. Wanawake wa mtaa wao walikuwa wameketi kila mahali, juu ya mafurushi, juu ya vinu vilivyopinduliwa, na mikononi mwao wote walikuwa na vikombe. Wanawake walewale. Walikunywa kahawa ya Sadiya kwa sababu walikuwa wamelowa na njaa, na hapakuwa na nyumba nyingine. Tahiru hakuwa amerudi kutoka vitani, na hakuna aliyeuliza. Sadiya alipita katikati yao na jebena, akimimina.

Alipomfikia Kulusum, alimmiminia pia. "Umemaliza?" akauliza, polepole, kama mtu anayeulizia safari.

"Bado mmoja."

Sadiya hakuuliza ni nani. Mama Fadhul alikuwa ameketi pale pale, mgongo ukutani, miguu imevimba kwa kutembea, kikombe kimeshikwa kwa mikono yote miwili. Kaltumu akamvuta mamake nguo. "Mama, si leo. Watu wamechoka. Nani anakumbuka sasa?"

Ingekuwa rahisi. Vikombe vile vilikuwa vimeshaliondoa neno kwa namna yao, bila mtu kusema lolote, na kesho wote wangekuwa ng'ambo, kila mmoja kambi yake. Kulusum alikaa na wazo hilo kwa muda wa kunywa funda moja. Kisha akasogea kwa makalio mpaka karibu na ukuta.

"Mama."

"Mwanangu. Kumbe umefika. Alhamdulillahi."

"Mama, siku ya harusi ya mzee Asuman uliniuliza kama nilikwenda kwa Sadiya kwanza. Nilikuambia nilienda. Sikwenda. Nilikwenda kuomba sukari tu. Ile neno sikuwa na haki ya kuitoa."

Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Na siku ya msiba," Mama Fadhul akasema, "mimi nilisimama barabarani."

"Ndiyo, mama."

"Niliwazuia watu. Kwa mkono hii."

"Ndiyo. Kwa uongo yangu."

Mzee aliweka kikombe chini taratibu. Hakumpiga, hakumlaani. Alianza kuinuka, akishika ukuta, na Kulusum alipomnyooshea mkono wa kumsaidia aliukataa kwa kichwa. Alikokota miguu yake iliyovimba kupita kati ya mafurushi mpaka aliposimama mbele ya Sadiya, na wote wakageuza vichwa, kwa sababu hawakuwahi kumwona Mama Fadhul akimwendea mtu aliye mdogo wake.

"Kaburi la mama yako iko wapi?" aliuliza.

"Arua," Sadiya alijibu. "Hatuwezi kurudi Arua sasa, mama."

"Hatuwezi," Mama Fadhul akakubali. Akabaki amesimama pale. Sadiya aliweka jebena chini, akamshika mkono, akamketisha juu ya kinu, akaanza kumfungua viatu vilivyolowa.

Hakumtazama Kulusum. Mtu mmoja akaita kwamba trekta lingine limekuja, lina nafasi ya wazee na watoto, na wanawake wakaanza kufunga mafurushi. Kulusum alikusanya vikombe, kimoja kimoja, akaenda navyo kwenye maji ya mvua chini ya paa, akachuchumaa, akaviosha.